Namna ya Kuchagua Mapazia Yanayofaa Misimu Yote ya Mwaka

Uchaguzi wa pazia huanza na dirisha lenyewe, kabla ya kugusa kitambaa chochote. Simama mbele ya kila dirisha asubuhi, adhuhuri na jioni, uandike jua linaingia saa ngapi na linafika wapi sakafuni, upepo unavuma kutoka upande gani, na kama kioo hutoka jasho usiku wa baridi. Uchunguzi huo urudiwe walau mara mbili kwa mwaka, wakati wa joto na wakati wa baridi, kwa kuwa dirisha lilelile huwa na tabia tofauti kadiri jua linavyobadili njia yake. Madirisha ya nyumba moja hayahitaji pazia la aina moja, na kosa lenye gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kununua kitambaa cha jora moja kwa nyumba nzima, kisha kukilazimisha kifae kila mahali.

Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo magumu zaidi, mahali popote duniani. Jua linapochomoza na linapokaribia kutua huwa chini sana, hivyo miale yake hupiga kioo karibu moja kwa moja na kupenya hadi ndani kabisa ya chumba, na hata upenu mrefu wa paa hauwezi kuizuia. Upande wa magharibi una ubaya wa ziada, kwa sababu jua lake hufika wakati kuta na hewa vimekwisha kupata joto la mchana kutwa. Dirisha linaloelekea kusini katika nusu ya kaskazini ya dunia, au linaloelekea kaskazini katika nusu ya kusini, ni rahisi zaidi kulisimamia. Katika latitudo ya digrii 40, kwa mfano, jua la adhuhuri hupanda hadi karibu digrii 73 katika kilele cha kiangazi, lakini halifiki digrii 27 katika kilele cha baridi. Kwa hiyo kivuli kifupi kilichowekwa juu ya dirisha hukata jua la kiangazi na kuliacha la baridi liingie. Karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa juu mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na pande hizo mbili hupokezana zamu. Mashariki na magharibi hazina zamu, hupigwa miezi yote kumi na miwili.

Joto hupitaje dirishani

Anayeelewa jambo hili hahitaji ushauri mwingi wa muuzaji. Kioo huruhusu mwanga wa jua kupita, lakini mwanga huo ukishagonga sakafu, kiti au kitambaa hugeuka kuwa joto la aina nyingine, na joto hilo haliwezi kurudi nje kupitia kioo kwa wepesi ule lilioingia nao. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba asilimia 76 hivi ya mwanga wa jua unaoangukia dirisha la kawaida la vioo viwili huingia ndani na kuwa joto. Wakati wa baridi safari hugeuka: joto la chumbani hutoroka kupitia kioo na kupitia nyufa za fremu, na wizara hiyohiyo inakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya nishati inayotumika kupasha nyumba joto hupotea kwa njia ya madirisha.

Kutokana na hayo, kizuizi kilicho nje ya kioo kina nguvu kuliko kilicho ndani. Turubai la kivuli lililofungwa juu ya dirisha kwa nje linaweza kupunguza joto la jua la kiangazi kwa hadi asilimia 65 katika dirisha la kusini la nchi za kaskazini, na hadi asilimia 77 katika dirisha la magharibi. Pazia la ndani hupambana na joto ambalo tayari limeshaingia. Hata hivyo, la ndani si bure: blaindi (vifuniko vya dirisha vya vibao au vya kuviringisha) zenye uso unaong'aa, zikishushwa na kufungwa kabisa kwenye dirisha lenye jua, hupunguza joto linaloingia kwa takribani asilimia 45, na pazia la rangi ya wastani lenye mgongo mweupe wa plastiki hupunguza kwa takribani asilimia 33. Zingatia neno mgongo. Rangi inayoonekana chumbani ni suala la ladha, lakini rangi inayotazama kioo ndiyo inayofanya kazi, na inapaswa kuwa nyeupe au karibu na nyeupe hata kama upande wa ndani ni wa bluu iliyokoza. Pazia jeusi lisilo na bitana katika dirisha la magharibi hufyonza joto jingi na kulimwaga chumbani, na ukiligusa saa kumi jioni utaona lenyewe limekuwa kifaa cha kupashia joto.

Wenye madirisha ambayo mbao zake za kufungia ziko nje, za kusukuma au zenye vibao vya kupitisha hewa, wanayo tayari suluhisho bora kuliko mengi yanayouzwa, nami ningewashauri wazitengeneze hizo kwanza kabla ya kufikiria kitambaa.

Kingo za pazia

Pazia zito lenye kitambaa ghali linaweza kushindwa kazi wakati wa baridi kwa sababu tu limetundikwa vibaya. Hewa yenye joto ya chumbani hupanda hadi darini, huingia nyuma ya pazia kupitia uwazi ulio juu ya fimbo, hugusa kioo na kupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hushuka na kutokea chini kwenye miguu ya waliokaa. Pazia la namna hiyo hufanya kazi kama dohani iliyopinduliwa, na mzunguko wake haukomi usiku kucha. Ndiyo maana pazia la kawaida linalofungwa wakati wa baridi hupunguza upotevu wa joto kwa hadi asilimia 10 tu, kiasi ambacho wengi hukiona kidogo mno kwa uzito wa kitambaa walichonunua.

Dawa yake ni kuziba njia za hewa, na hapo ndipo fedha huleta faida zaidi kuliko katika unene. Juu ya dirisha weka kisanduku cha mbao kinachofunika fimbo, chenye kifuniko upande wa juu kinachogusa ukuta. Kisanduku kilicho wazi juu ni pambo tu. Kama kisanduku hakipendezi, tundika reli kwenye dari yenyewe, ili kusibaki uwazi. Pembeni, chagua fimbo iliyopinda kwenye ncha zake na kurudi ukutani, ili ukingo wa pazia ugeuke na kugusa ukuta badala ya kuning'inia mbali nao, na ikiwezekana uushike kwa utepe wa kunata. Katikati, vipande viwili vipandane kwa sentimita kumi hivi. Chini, upindo uguse sakafu au ukalie kizingiti cha dirisha. Ukifanya haya kwa kitambaa cha pamba chenye bitana ya kawaida, utapata chumba chenye joto zaidi kuliko jirani aliyetundika mahameli inayoelea hewani.

Kuna hali moja ambayo pazia refu huleta hasara, nayo ni pale kifaa cha kupashia chumba joto kinapokuwa ukutani chini ya dirisha. Pazia likifika sakafuni hapo, joto lote hufungiwa nyuma yake na kupelekwa kwenye kioo. Katika dirisha hilo pazia liishie juu kidogo ya kizingiti, au tumia blaindi inayokaa ndani ya fremu.

Tabaka mbili

Hakuna kitambaa kimoja kinachofaa kiangazi, masika na kipupwe kwa usawa. Kinachofaa misimu yote ni mpangilio wa tabaka mbili zinazotumiwa kwa namna tofauti: jepesi karibu na kioo, zito upande wa chumba, kila moja kwenye reli yake. Tabaka jepesi, yaani shia (kitambaa chembamba kinachopenya mwanga) au kitani chepesi, huchuja mwanga mkali wa mchana na kuruhusu hewa kupita. Tabaka zito hufungwa usiku wa baridi na mchana wa jua kali. Tabaka la tatu huongeza vumbi kuliko faida, isipokuwa katika chumba cha mtu anayelala mchana kwa sababu ya kazi ya zamu, ambaye anahitaji kitambaa kisichopitisha mwanga kabisa.

Shia ina hila yake ambayo wanunuzi huigundua wakiwa wamechelewa. Mchana, mtu wa nje haoni ndani kwa sababu nje kuna mwanga zaidi. Usiku taa ikiwaka, hali hugeuka, na aliye barabarani huona kila kitu. Basi shia peke yake haitoshi katika chumba cha kulala au bafuni, hata kama dirisha ni dogo.

Kwa tabaka zito, ningependekeza bitana inayovuliwa. Bitana hiyo hushonwa kama pazia la pili lenye kulabu zake, ikatundikwa nyuma ya kitambaa cha mbele. Joto likizidi na ukahitaji upepo, unaivua na kuihifadhi, na kitambaa cha mbele hubaki chepesi. Baridi ikirudi unairudisha. Huoshwa peke yake, na ikichakazwa na jua hubadilishwa peke yake bila kulitupa pazia zima. Ni jambo dogo ambalo mafundi wengi hawalitaji mpaka waulizwe, pengine kwa kuwa bitana iliyoshonwa moja kwa moja ni kazi rahisi zaidi.

Kuhusu vitambaa vyenyewe, pamba hupendeza na huoshwa kwa urahisi lakini husinyaa, kwa hiyo ioshwe kabla ya kukatwa. Kitani hupitisha hewa vizuri na kukunjamana vibaya. Poliesta huvumilia jua na unyevu kuliko nyuzi nyingi za asili, na haina haja ya kudharauliwa kama inavyofanywa. Hariri ndiyo ya kuogopwa: jua huila nyuzi zake mpaka zikachanika zenyewe, na bila bitana haifai kabisa katika dirisha lenye jua. Sufu na mahameli hutunza joto vizuri, ila hunasa vumbi, na mwenye pumu nyumbani afikiri mara mbili.

Blaindi na mahali pake

Blaindi za vibao vya kulala zina uwezo ambao kitambaa hakina, yaani kuelekeza mwanga. Vibao vikiinamishwa ili ukingo wa ndani uwe juu na wa nje uwe chini, jua la juu huzuiwa na chumba hupata mwanga unaotoka chini. Vikilazwa karibu sawasawa, mwanga hurushwa darini na kusambaa chumbani bila kuumiza macho. Wakati wa baridi havisaidii sana, kwani hewa hupita kati ya kibao na kibao. Kwa dirisha la mashariki au la magharibi, vibao vya kusimama hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu jua la chini huja kwa ubavu, na kibao kilichosimama kinaweza kugeuzwa kulipa mgongo huku upande mwingine ukibaki wazi.

Blaindi za kuviringisha zenye kitambaa cha matundu madogo huuzwa kwa kipimo cha uwazi, mara nyingi asilimia 3, 5 au 10. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo jua linavyozuiwa zaidi na mandhari ya nje yanavyopungua. Katika dirisha la magharibi chukua 3. Pale ambapo jua haligongi moja kwa moja 10 inatosha. Rangi yake huleta kitendawili kidogo: kitambaa cheusi hukuwezesha kuona nje vizuri zaidi na hupunguza mng'ao, wakati cheupe hurudisha joto zaidi lakini chenyewe hung'aa na kufunika mandhari. Wanaotazama kompyuta siku nzima kwa kawaida huridhika na cheusi chenye mgongo mweupe, pale kinapopatikana.

Blaindi zenye seli, ambazo mikunjo yake huacha vijumba vya hewa iliyotulia, ndizo bora kwa anayetaka kifaa kimoja cha joto na baridi. Hewa iliyofungiwa isiyosogea ni kizuizi kizuri cha joto, nayo ndiyo siri yote ya muundo huo. Zikitoshea barabara ndani ya fremu zinaweza kupunguza joto linalopotea dirishani kwa asilimia 40 au zaidi. Maneno yenye uzito hapo ni kutoshea barabara. Pengo la sentimita mbili kila upande huzipotezea blaindi hizo sehemu kubwa ya thamani yake. Udhaifu wake ni usafi, kwani mdudu akiingia ndani ya seli hutokea kivuli chake kila asubuhi, na kumtoa ni kazi.

Unyevu, masika na ukungu

Pazia linaloziba vizuri lina deni lake. Kioo kilichofunikwa usiku wa baridi hupoa zaidi kuliko kilichoachwa wazi, na mvuke wa chumbani unaofanikiwa kupenya nyuma ya pazia hugeuka maji juu yake, yakatiririka hadi kwenye fremu na kuzaa ukungu mweusi kwenye upindo. Fungua mapazia kila asubuhi, futa kioo, na acha hewa ipite kwa muda mfupi hata kama nje kuna baridi. Jua la asubuhi likiingia moja kwa moja, hiyo ni tiba tosha ya siku nyingi, na ni joto la bure pia.

Wakati wa mvua, pazia la dirisha linalofunguliwa hulowa kwa manyunyu yanayosukumwa na upepo, na kitambaa kizito kinachokauka polepole huanza kunuka. Kwa madirisha yanayobaki wazi masika yote, tumia kitambaa chepesi kinachokauka kwa saa chache, kisichofika sakafuni. Jikoni na bafuni weka blaindi za alumini au za plastiki, kwani mbao hupinda kwa mvuke. Karibu na jiko, kitambaa kinachopepea ni hatari ya moto na hakistahili kuwapo hata kikiwa kizuri namna gani.

Vipimo

Pima kwa utepe wa chuma, kwa kuwa ule wa fundi cherehani huvutika na kudanganya. Kwa blaindi ya ndani ya fremu, pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, kisha uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, kwani ni nadra fremu kuwa na pande zilizonyooka kabisa. Kwa pazia la kitambaa, fimbo ipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 15 hadi 25 kila upande. Nafasi hiyo ina kazi mbili: wakati wa baridi kitambaa hufunika nyufa za fremu, na mchana pazia likifunguliwa hujikusanya ukutani bila kufunika kioo, hivyo huna haja ya kupoteza mwanga wala jua. Upana wa kitambaa uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa fimbo, na kwa shia hata mara tatu, la sivyo marinda hayatajaa na pazia lililofungwa litaonekana kama shuka iliyotundikwa. Usibane tabaka lolote kwenye kioo chenyewe. Acha nafasi ya sentimita tano hivi, kwani joto linalofungiwa kati ya kioo na kitambaa cheusi linaweza kupasua kioo.

Palipo na watoto wadogo au wanyama, nunua blaindi zisizo na kamba za kuning'inia, kwani kamba hizo zimewanyonga watoto, na kiwango cha usalama kilichoanza kutumika Marekani mwezi Desemba 2018 kinataka blaindi zinazouzwa tayari madukani zisiwe na kamba, au kamba zake ziwe fupi au zisifikike. Blaindi za zamani zifungwe kamba juu kwenye kishikizo, na kitanda cha mtoto kisogezwe mbali na dirisha.

Asiyeweza kufanya yote kwa mara moja aanze na dirisha la magharibi la chumba kinachotumiwa jioni, na aweke kizuizi cha nje kama ukuta na sheria za jengo zinaruhusu. La pili ni dirisha la chumba cha kulala, alifanyie tabaka mbili na kisanduku chenye kifuniko. Yanayobaki, isipokuwa ya bafuni na ya vyumba vingine vya kulala, yanaweza kungoja msimu mzima huku yakiwa na shia peke yake, na muda huo wa kungoja una faida, kwa sababu baada ya kuishi na mwanga wa dirisha katika joto na katika baridi, orodha ya vitambaa vinavyohitajika huwa fupi kuliko ile iliyoandikwa mwanzoni. Vitambaa vizito vikishatundikwa viachwe wiki moja kabla ya kushonwa upindo wa mwisho, kwa kuwa hujivuta kwa uzito wao wenyewe, na pazia lililopimwa sawasawa mezani linaweza kukutwa likiburura sakafuni.